Nta ya kopo au seramiki ya kupuliza kwa Harrier nyeusi inayolala chini ya mwembe?

Swali: "Shikamoo fundi. Nina Toyota Harrier nyeusi ya 2009 niliyoiagiza Japani, naishi Mbezi Beach. Gari linalala nje chini ya mwembe, na kunguru hawalionei huruma. Kila baada ya miezi miwili namlipa kijana alipake nta ya kopo. Linang'aa wiki moja, mbili, halafu linarudi kama halikuguswa. Juzi muuzaji kaniambia niachane na nta, ninunue seramiki ya kupuliza. Anasema inakaa mwaka mzima, inazuia mikwaruzo na sitahitaji kuosha gari mara kwa mara. Ninunue? Na nyumbani kuna pikapu ya baba, ya zamani, imepigwa rangi upya mwezi uliopita. Nayo naweza kuipulizia?"

Marahaba, mwanangu. Kwa Harrier, nunua. Kwa pikapu ya mzee, subiri kwanza, nitakueleza sababu. Ila katika yale matatu aliyokuahidi muuzaji, moja ni nusu ya kweli na mawili si kweli. Ukinunua ukiwa umeyaamini yote, baada ya miezi mitatu utaitupa chupa kwa hasira, na kosa halitakuwa la chupa.

Tuanze na nta yako, maana swali la kwa nini inatoweka ndilo linalojibu mengine. Nta inayosifiwa kwenye makopo ni karnauba. Inatoka kwenye majani ya aina ya mtende unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili, sehemu za Ceará na Piauí. Majani hukatwa, huanikwa, kisha hupigwapigwa mpaka nta idondoke kama unga. Ni nta ngumu kuliko nta nyingine zote za asili, na huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86 za Selsiasi. Linganisha na nta yetu ya nyuki, ile ya Tabora, inayoyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Nimeulizwa mara nyingi kama nta ya nyuki peke yake inafaa kupakwa kwenye gari, kwa kuwa ni ya hapa nyumbani na inapatikana. Haifai. Inanata, inashika vumbi, na boneti nyeusi iliyoachwa juani saa saba mchana hapa Dar inaweza kupita nyuzi 70. Hapo nta ya nyuki imeshakuwa uji.

Utasema, basi karnauba iko salama, nyuzi 70 hazijafika 82. Ingekuwa hivyo kama kopo lingekuwa na karnauba tupu. Karnauba tupu ni kavu na ngumu, huwezi kuitandaza kwa kitambaa. Kiwandani huichanganya na mafuta, viyeyushi na nta laini ili ipakike, na mchanganyiko huo hulainika mapema kuliko karnauba yenyewe. Kwa hiyo kila siku ya jua kali nta yako inalegea kidogo, inashika vumbi kidogo, inapungua kidogo.

Halafu inakuja sabuni. Wengi wa vijana wanaotuoshea magari hutumia sabuni ya unga ya kufulia. Sabuni ile imetengenezwa kung'oa mafuta kwenye nguo, na nta kwa asili yake ni jamaa wa mafuta. Ukioshewa gari mara mbili kwa wiki kwa povu hilo, unamlipa mtu mmoja apake nta na mwingine aiondoe. Ndiyo maana unaiona siku kumi na nne tu.

Sasa seramiki ya kupuliza. Jina ni kubwa, lakini usifikirie kigae wala kikombe cha udongo. Ndani ya chupa sehemu kubwa ni maji au kiyeyushi, na sehemu ndogo ni kemikali za jamii ya silikoni na silika. Silika ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye mchanga na kioo. Ukitandaza na kufuta, kimiminika kinaruka hewani, na kile kinachobaki kinajishika chenyewe kwa chenyewe na kuishika rangi, kikisaidiwa na unyevu wa hewa. Utando huo hauyeyuki kwa nyuzi 70, na sabuni haiung'oi kirahisi kama inavyong'oa nta. Hiyo ndiyo faida yake, na kwa gari linaloishi nje kwenye jua la pwani ni faida kubwa. Sihitaji kuipamba.

Lakini mwaka mzima? Hapo ndipo ile nusu ya kweli. Kwa magari yanayopita mikononi mwangu, yale yanayolala nje, kwenye boneti na paa mimi huhesabu miezi minne hadi sita, kisha narudia. Milangoni hudumu zaidi kwa sababu jua haliipigi kutoka juu. Mwaka unaoandikwa kwenye chupa ni wa gari lenye banda na linalooshwa kwa shampuu yake. Kwako weka hesabu ya kupuliza mara mbili kwa mwaka, na ukiweza ya kwanza iwe Februari, kabla masika hayajaanza.

Kuhusu mikwaruzo, naomba uniamini hata kama muuzaji ataonyesha video. Juu ya rangi ya gari lako kuna tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi tunaliita klia. Unene wake kwa kawaida ni mikroni 40 hadi 50 hivi, na unywele wa mtu una mikroni 70 hivi. Utando wa seramiki ya kupuliza haufiki hata mikroni moja. Utando mwembamba kiasi hicho hauwezi kulizuia jiwe, ufunguo, wala kitambaa chenye mchanga. Utaona kwenye chupa wameandika 9H. Hicho ni kipimo cha penseli: rangi inakwaruzwa kwa penseli za ugumu mbalimbali kuona ni ipi inayoacha alama, na 9H ni penseli ngumu mno kuliko zile HB za shuleni. Lakini vumbi letu si penseli. Ndani yake mna chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko klia yoyote iliyowahi kupakwa kwenye gari.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu naamini ndipo gari lako linapoharibikia. Kesho asubuhi, jua likiwa bado chini, simama pembeni ya boneti na uwashe tochi ya simu. Mulika kwa ubavu, si moja kwa moja. Kama utaona michirizi myembamba mingi inayouzunguka mwanga kama utando wa buibui, hiyo haikuletwa na jua wala kunguru. Imeletwa na kitambaa. Kila asubuhi dereva, au wewe mwenyewe kabla ya kwenda kazini, mnachukua kitambaa kikavu na kupangusa vumbi la usiku. Kile kitambaa kinabeba mchanga na kuuburuta kutoka kioo cha mbele mpaka taa. Fanya hivyo mara 300 kwa mwaka na hakuna seramiki, nta, wala polishi itakayolinda rangi nyeusi. Tena angalia kibao chenye namba ya rangi, kwa kawaida kiko kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti. Ukikuta 202, hiyo ni nyeusi ya Toyota ambayo mafundi wa polishi wanaifahamu kwa ulaini wake. Inapendeza mno ikiwa mpya, na inakwaruzika kwa kuguswa tu. Acha kabisa kupangusa vumbi kavu. Vumbi liondoke kwa maji, au libaki hapo hapo mpaka Jumamosi.

Hapo unaona pia kwa nini ahadi ya kutoosha mara kwa mara si kweli. Seramiki hufanya uchafu usishike sana, kwa hiyo kuosha kunakuwa kwepesi na kwa haraka. Lakini vumbi likilala juu yake wiki mbili, maji hayatateleza tena kama mwanzo, na utadhani imeisha. Mara nyingi haijaisha, imefunikwa. Ioshe vizuri kwa shampuu ya gari ndipo uhukumu.

Kabla hujapuliza, gari liandaliwe. Hii ndiyo kazi yenyewe. Kupuliza ni dakika arobaini tu. Seramiki inataka kuishika rangi, na wewe una miaka ya nta juu yake. Ukipuliza juu ya nta, itaishika nta, na nta ikiondoka itaondoka nayo. Kwa hiyo lioshe mara moja kwa sabuni ya vyombo ya maji, hii ni kwa siku hiyo moja tu, usiifanye mazoea. Suuza sana, kausha. Kisha vaa mkononi mfuko mwembamba wa nailoni, hata ule uliofungia mkate, upitishe vidole taratibu juu ya boneti. Nailoni inakuza hisia ya vidole. Ukihisi kama unapapasa msasa laini, kuna chembe zilizojichomeka kwenye klia: vumbi la chuma la breki, utomvu wa mwembe, chembe za rangi zilizopeperushwa kutoka gereji ya jirani. Hizo haziondoki kwa sabuni. Kuna udongo maalumu unaonyambulika kama unga wa chapati, unauzwa kwenye maduka ya vifaa vya magari. Lowanisha rangi kwa maji ya shampuu, uburute udongo huo kwa mkono mwepesi sana mpaka usikie unateleza. Ukianguka chini, utupe, usiuokote. Kipande kilichookota mchanga kitafanya kazi ya msasa.

Mwisho wa maandalizi, futa gari zima kwa alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ili kuondoa mafuta yaliyobaki. Usitumie ile jeli ya kutakasa mikono. Mara nyingi ina gliserini, nayo hubaki juu ya rangi. Na ujiandae kuona kitu ambacho hutakipenda. Nta huwa inajaza mikwaruzo midogo na kuificha. Ukiiondoa, mikwaruzo yote ya miaka inajitokeza, na watu hudhani nimewaharibia gari. Kama ni mingi mpaka inakukera, huu ndio wakati wa kupiga polishi kwa mashine, kabla ya seramiki. Mpe fundi anayejua kupima unene wa rangi, kwa sababu polishi hupunguza klia, na klia ikikwisha hairudi.

Sasa kupuliza. Gari liwe kivulini na bodi iwe ya baridi. Weka kiganja juu ya boneti, kama huwezi kukiacha hapo kwa raha, subiri. Asubuhi na mapema nayo ina shida yake huku pwani, kuna umande. Mimi hupendelea jioni, chini ya banda, kukiwa hakuna upepo. Tikisa chupa. Usipulizie hewani ukielekeza kwenye gari, dawa nyingine itaishia kwenye kioo cha mbele na waipa zitaanza kurukaruka, nyingine utaivuta wewe mwenyewe. Pulizia mara mbili kwenye kitambaa cha maikrofaiba kilichokunjwa, tandaza kwenye nusu ya boneti, mistari iliyonyooka, kwanza kwenda mbele kisha kukata. Kabla haijakauka, chukua kitambaa cha pili, kikavu kabisa, futa mpaka usione kitu. Halafu mulika tena kwa tochi kutoka ubavuni. Ukiona rangirangi kama za mafuta juu ya dimbwi, hujamaliza kufuta, pitisha tena. Ndipo uende kwenye nusu nyingine. Kwa gari kama lako, dawa inayotosha ni kidogo, mililita 50 zinafika kote. Kuweka nyingi hakuongezi kinga, kunaongeza madoa.

Nasema haya kwa uchungu wa kweli. Miaka ya mwanzo nilipulizia gari la mteja, jeusi kama lako, nje, saa nane mchana, kwa sababu alikuwa na haraka na mimi sikutaka kumkosa. Dawa ilikauka kabla kitambaa hakijafika. Ilibaki mistari ya kijivu boneti nzima, sabuni haikuigusa, alkoholi haikuigusa. Nililazimika kuiondoa kwa polishi, nikapunguza klia ya mtu bila sababu yoyote. Tangu siku hiyo mteja mwenye haraka namwambia aje siku nyingine.

Vitambaa ulivyotumia vioshe papo hapo. Dawa ikikaukia ndani yake, vinakuwa vigumu na vitakukwaruzia gari safari ijayo. Na usiku huo gari lisilale chini ya mwembe. Liombee nafasi kwa jirani mwenye banda, lisipate umande wala mvua, kisha usilioshe kwa sabuni mpaka muda ulioandikwa kwenye chupa upite.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji kabisa ni maji. Sehemu nyingi za Dar tunaosha magari kwa maji ya kisima, na maji hayo yana chokaa na chumvi. Seramiki huyafanya maji yajikusanye matone matone, na hilo watu hulipenda sana. Lakini tone lililosimama juani linakauka, na chokaa yake yote inabaki kwenye kiduara kimoja cheupe. Kwa rangi nyeusi unaviona kutoka mbali. Kwa hiyo baada ya kuosha kausha mara moja, usiliache lijikaushe. Kama una tangi la kukinga maji ya mvua kutoka bati, tumia ndoo moja ya maji hayo kwa suuzo la mwisho, hayana chokaa. Viduara vikishatokea, siki nyeupe ya jikoni iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa, ikiwekwa kwenye bodi ya baridi kwa dakika moja kisha kusuuzwa vizuri, huviondoa vikiwa bado vipya.

Na kunguru wako. Kinyesi cha ndege kina asidi, na jua linapoipasha moto klia inalainika, usiku inapopoa inakaza ikiwa tayari imelika. Ndiyo maana doa linabaki kama kovu hata baada ya kuosha. Seramiki inakupa muda kidogo zaidi kuliko nta, labda asubuhi moja, haikupi wiki. Weka chupa ndogo ya maji na kitambaa ndani ya gari. Ukiona doa, lowanisha kipande cha karatasi laini, kilaze juu yake dakika tatu, nne, kisha nyanyua. Usisugue, kwa sababu ndani ya kinyesi mna mbegu na mchanga. Na kama kuna namna yoyote ya kulihamisha gari hata mita sita kutoka chini ya yale matawi, hiyo ni kinga inayozidi chupa zote mbili tunazozizungumzia.

Pikapu ya mzee ni habari nyingine. Rangi iliyopigwa gereji zetu za kawaida haipikwi kwenye oveni kama ya kiwandani. Inakaushwa na hewa, na viyeyushi vinaendelea kutoka ndani yake kwa wiki nyingi baada ya wewe kuona imekauka. Ukiifunika mapema, kwa seramiki au kwa nta, unavizuia visitoke vizuri, na rangi inaweza kupoteza mng'ao au kubaki laini. Ipe siku 60, mimi hufikisha hata 90, ioshwe kwa maji na shampuu tu. Kisha jaribu hivi: chukua kitambaa cheupe chenye polishi kidogo, sugua mahali pasipoonekana. Kitambaa kikipata rangi ya pikapu, imepigwa rangi ya tabaka moja bila klia. Rangi ya namna hiyo hupenda nta ya kopo yenye mafuta. Inairudishia kina chake, na mzee ataifurahia. Nta ina mahali pake. Nikiletewa gari la harusi Ijumaa jioni kwa ajili ya Jumamosi, sichukui seramiki. Nachukua kopo, kwa sababu nta inasamehe makosa, inaficha mikwaruzo, na kwa siku mbili inaipa rangi nyeusi kina ambacho chupa ya kupuliza haijanipa bado.

Kabla ya yote hayo, angalia paa la Harrier. Kama kuna mahali klia imeanza kubabuka, pameota kama upele mweupe, usipoteze hela kupulizia hapo. Panahitaji fundi rangi.

Na kama bado moyo unasita, fanya jaribio ambalo mimi nilifanya kwenye gari langu mwenyewe. Baada ya kuliandaa, bandika utepe wa karatasi katikati ya boneti kutoka kioo mpaka taa. Upande wa dereva paka nta yako, upande wa abiria pulizia seramiki, bandua utepe. Osha kawaida yako, pande zote sawa, kwa wiki tano, kisha mwagia jagi la maji safi na upige picha. Kwangu mimi, upande wa nta maji yalilala bapa, upande wa pili bado yalikuwa yanakimbia. Nitumie ya kwako.